Bili ya Gereji Inaandikiwa Shambani

Wenye pikapu wa Kilosa na Mikumi wana wimbo mmoja. Springi ikikatika, kosa ni la barabara. Klachi ikiungua, kosa ni la spea za Kariakoo. Injini ikichemsha, kosa ni la fundi: mwizi yule, katoa kizima kaweka kibovu. Mwenye mzigo hatajwi popote. Amekaa kivulini anahesabu magunia yake, na wimbo unamkolea kweli, maana hauna ubeti unaomgusa.

Leo naongeza ubeti. Kinachomaliza pikapu za wilaya hii ya Kilosa ni lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Barabara mbovu ipo, spea feki zipo, mafundi waongo wapo, lakini hao wote wanamalizia kazi iliyoanzia shambani, kwenye mdomo wa gunia.

Nenda Malolo msimu wa vitunguu uone gunia linavyofungwa. Linajazwa mpaka juu, linatikiswa, linajazwa tena, na hapo ambapo mtu wa haki angelishona, mnunuzi anaita sindano. Kipande cha wavu kinashonewa mdomoni kwa kamba, vitunguu vinaendelea kumiminwa, gunia linaota kilemba. Mkulima analipwa gunia moja. Kuli analipwa gunia moja. Mwenye gari analipwa gunia moja. Kanuni za vipimo, chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hazitaki gunia la mazao lizidi kilo 100. Gunia la kilemba linaweza kufika kilo 130, 140 na kupanda, na linapita njiani mchana kweupe mbele ya kila mwenye macho.

Kelele za mkulima kuhusu lumbesa tumezisikia miaka nenda rudi, na ni za haki. Ila kuna mtu wa pili anayenyonywa kwa gunia lilelile huku akijiona mjanja wa mjini. Ni mwenye pikapu. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme umekubaliana nauli ya shilingi 8,000 kwa gunia, ukapakia magunia kumi, ukapokea shilingi 80,000. Kila gunia lina kilo 140. Umebeba kilo 1,400 na kulipwa kilo 1,000. Hizo 400 za juu ni magunia manne uliyoyasafirisha bure, shilingi 32,000 ulizomzawadia mtu anayekuzidi kipato. Safari thelathini za namna hiyo ni shilingi 960,000. Halafu springi inakatika, unaanza kupiga simu kwa ndugu kukopa hela ya fundi. Hela ya fundi ulikuwa nayo, bwana mkubwa. Umemwachia mwenye vitunguu.

Na hapo bado gari lenyewe halijasema. Hilux imeundwa kubeba tani moja hivi. Land Cruiser ile ngumu tunayoisifia, pikapu ya milango miwili, inazidi hapo kidogo tu. Kiwandani hawakuweka hicho kiwango kwa kutukomoa. Ukikivuka, gari halivunjiki siku hiyohiyo, na huo ndio mtego wenyewe. Linafika, unapokea nauli, unasema chuma hiki bwana. Ndani kwa ndani springi zimelala, zimepoteza mkunjo. Siku nyingine gari linaingia kwenye shimo dogo la kawaida, na senta bolti, ile bolti moja inayoshika majani yote ya springi pamoja, inakatika. Ekseli ya nyuma inateleza kutoka mahali pake, gari linakwenda upande, tairi linaanza kusaga bodi. Dereva anashuka, analitazama lile shimo, analitukana. Shimo halikubeba hata kilo moja ya vitunguu.

Gereji bubu zina dawa yake: ongeza majani ya springi. Gari linarudi limenyanyuka nyuma, tajiri anafurahi kwamba sasa litabeba. Litabeba nini? Uzito haukuyeyuka. Ulipozuiwa na springi umehamia kwingine: kwenye beringi za magurudumu, zinapata moto mpaka grisi inatoka, kwenye ekseli, na mwisho kwenye chasisi, ambayo inaanza kupasuka nyuma ya kebini, taratibu, kwa mstari mwembamba unaofanana na mkwaruzo wa rangi. Chasisi ikichomelewa mara ya tatu, unachokiendesha ni viraka vyenye namba ya usajili. Hapo hatuongelei tena malaki ya springi na klachi. Tunaongelea mamilioni, au kuliuza gari kwa wauza vyuma chakavu.

Tupande sasa mlima wa Iyovi. Pikapu yenye kilo 1,500 mgongoni, gia ya kwanza, dereva anacheza na klachi kwenye kona nyuma ya lori lililopungukiwa pumzi. Harufu ile ya kuungua ni klachi pleti inayoliwa. Sindano ya joto inapanda, na asipokubali kusimama, gasketi ya silinda hedi inakwenda na maji. Injini kongwe ya Toyota ya 1HZ, silinda sita, haina tabo, pampu yake ya kawaida, huvumilia mateso mengi, na fundi wa Mikumi anaweza kuifungua na kuifunga bila kompyuta. Pikapu za kisasa zenye tabo na noze zinazoongozwa kwa umeme hazina uvumilivu huo. Moja ikianza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, inataka mashine ya kuipima na noze zinazouzwa kwa bei ya kukufanya ukae chini, na mara nyingi unalazimika kuivuta mpaka Morogoro au Dar es Salaam. Kuvutwa nako kuna bei yake.

Tena huo ni upandaji. Katika kuteremka, breki zilizotengenezwa kwa tani moja zinaambiwa zizuie tani moja na nusu, na juu ya magunia wamekaa vibarua watatu wameshikilia kamba. Breki zikichemka na kupoteza nguvu, gharama ya matengenezo haiandikwi tena na fundi. Inaandikwa na daktari.

Najua majibu yatakavyokuja. Kwamba barabara ndizo mbovu. Njia za kuingia mashambani ni mbovu, nani anabisha? TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ipo tangu 2017 na wana kazi ya kujibu. Lakini njia mbovu ni sababu ya kupunguza mzigo. Mwenye akili akijua mbele kuna makorongo anapakia magunia manane. Sisi tunapakia kumi na mawili, kisha tunaandamana dhidi ya makorongo. Kwamba spea ni feki. Ni kweli, na Tume ya Ushindani haijamaliza kazi yake. Ila springi halisi kutoka Japani nayo imepimwa kwa mzigo uleule wa kiwandani. Utaikata vilevile, tofauti utakuwa umeikata kwa bei ghali zaidi. Kwamba mafundi ni wezi. Wapo. Fundi mwizi anakula pale ulipompelekea gari. Nani kampelekea?

Sasa tuje kwa wenye mamlaka, maana nao wanapenda kufunika kombe mwanaharamu apite. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo hapa nchini ilianza kutekelezwa Machi 2019, inagusa magari ya kuanzia tani tatu na nusu. Pikapu kwa makaratasi iko chini ya hapo, kwa hiyo nani amewahi kuiona ikiitwa kwenye mizani ya Mikese? Haya, lipime hilo Land Cruiser. Tupu lina tani mbili na ushee. Weka lumbesa kumi na mbili za kilo 140, ni kilo 1,680. Ongeza dereva, utingo na vibarua wa juu ya mzigo. Limeshavuka tani tatu na nusu. Kwa uzito ni gari la kupimwa. Linapita kwa sababu ya sura yake.

Na kwenye ushuru ni yaleyale. Mwaka 2017, Serikali ilifuta ushuru kwa mazao yasiyozidi tani moja yanayotoka halmashauri moja kwenda nyingine. Nia ilikuwa kumpumzisha mkulima mdogo, na nia hiyo ni njema. Lakini popote geti linapohesabu magunia badala ya kilo, lumbesa kumi zinakuwa tani moja. Halmashauri inakosa mapato yake, mkulima amekatwa kilo zake, mwenye gari amekatikiwa springi. Mmoja tu kati ya wote ameondoka na kilo 400 za bure, na ndiye huyo ambaye wimbo wetu haumtaji.

Nanyi wenye pikapu, msijifanye mayatima. Mnajua kabisa. Mnakubali kwa sababu mmoja akikataa, mwenzake anakuja na kupakia, tena kwa nauli ya chini. Mfanyabiashara anawauza ninyi kwa ninyi pale pale kijiweni, na jioni mnakutana gereji mnapeana pole. Bodaboda waliweza kujipanga kwa vijiwe na viongozi wao. Ninyi wenye mali ya mamilioni mmeshindwa nini?

Ninachodai hakihitaji semina wala mfadhili. Wakala wa Vipimo waje Malolo na kwenye masoko ya Mikumi wakati wa mavuno, wakati magunia yanashonwa, siyo baada ya msimu kwa ajili ya picha. Halmashauri ya Kilosa iweke mizani ya jukwaa kwenye kila geti la ushuru, na ushuru, pamoja na msamaha wake, vihesabiwe kwa kilo. Na wenye pikapu wapange nauli kwa kilo, wote, kuanzia msimu ujao. Siku nauli itakapohesabiwa kwa kilo, kilemba kitakuwa na bei, na mnunuzi mwenyewe ndiye atakayekikata, maana hakuna mfanyabiashara anayependa kilemba anachokilipia.

Mpaka hapo, ukikatikiwa springi usimtukane fundi. Nenda kamdai mwenye gunia.