Wenye steshenari, msiiachie programu iamue ubora wa cheti cha mteja

Leo naongea na wenye steshenari, hasa tunaogeuza PDF kuwa picha ili mteja aambatanishe kwenye maombi ya kazi au chuo.

Msimamo wangu ni huu: "programu ndivyo ilivyotoa" siyo jibu la mfanyabiashara. Kila programu ina kiwango ilichopangiwa na aliyeitengeneza, na yeye hamjui mteja wako. Mfano, kwa tunaojifundisha Python: PyMuPDF usipoiambia kitu inatoa picha ya doti 72 kwa inchi, pdf2image inatoa 200. Cheti ni kilekile, picha mbili tofauti kabisa.

Hiyo 72 imetoka wapi? Ndani ya PDF, inchi moja imegawanywa vipande 72. Ni kipimo cha ukurasa tu, siyo ushauri wa ubora.

Piga hesabu. A4 kwa doti 72 ni pikseli 595 kwa 842. Kwa 300 ni 2480 kwa 3508. Hapo namba ya mtihani na maandishi ya muhuri yanasomeka hata ukikuza. Kwa 72 mteja anaiona kwenye simu iko poa, analipa, anaondoka. Huko mbele anayekagua akikuza anakuta ukungu, na siku ya mwisho imeshapita. Wewe umepata hela yako, yeye kakosa nafasi. Hiyo siyo biashara.

Wengine watasema basi tuweke 600 tumalize. Hapana. Ukiongeza doti mara mbili, pikseli zinakuwa mara nne. Faili linakuwa zito, bando linakatika, na mfumo wa maombi unaweza kulikataa kwa ukubwa. Halafu kama cheti kiliskaniwa vibaya tangu mwanzo, hata uweke 600 hakitang'aa. Hapo mwambie mteja ukweli, alete karatasi uskani upya.

Ushauri wangu: andika 300 mwenyewe, page.get_pixmap(dpi=300), iwe ndiyo kawaida ya duka. Faili likizidi kikomo, shuka hadi 200. Kisha kuza picha, soma namba ndogo kuliko zote, ndipo upokee hela.

Kwako imekaa ngapi? Kaangalie leo kabla mteja hajaja kulalamika.