Mtoeni Dalali Hapo Katikati

Wapo wanaonicheka. Mwandishi wa habari mzima, mkazi wa Mchikichini, nakesha natazama tamthilia ya Kihispania! "Utakiongea na nani hapa, wauza mitumba wa Karume?" Haya, leo nawajibu.

Tamthilia yenyewe inaitwa Águila Roja, yaani Tai Mwekundu. Televisheni ya taifa ya Hispania iliirusha kuanzia 2009 hadi 2016. Ni mambo ya karne ya 17, enzi za Mfalme Felipe IV. Gonzalo mchana ni mwalimu wa shule, usiku anaficha uso, anachukua upanga na kuwasaka waliomuua mkewe. Ana mtumishi, Sátur, asiyeishiwa maneno, na kila mara anamwita Gonzalo "amo". Mimi na kamusi yangu tulijua amo ni "napenda". Wiki nzima nashangaa, huyu jamaa anampenda tajiri wake kiasi gani! Kumbe amo pia ni "bwana".

Sasa ugomvi wangu. Nakala niliyonayo ina maandishi ya Kiingereza chini. Jamani, mimi Mswahili nataka kwenda Madrid, kwa nini lazima nipitie London? Kiingereza kimekaa katikati kama dalali wa Kariakoo: hana duka, hana mzigo, lakini bila yeye eti huwezi kununua.

Binamu yangu anauza suruali za mitumba. Kidato cha nne alipata F ya Kiingereza, na tangu siku hiyo kila mtu, yeye mwenyewe akiwemo, anaamini hana kichwa cha lugha. Jioni moja kaja kula, kanikuta natazama. Kwenye skrini mtu kakamatwa, kisu shingoni, watu wanapiga kelele: rehén! Macho yangu yako chini, nasoma Kiingereza kama mwanafunzi mwema. Binamu, ambaye hakusoma hata herufi moja, kaniuliza:

"Kaka, huyo si kawekwa rehani?"

Nilisimamisha picha. Nikaenda vitabuni. Rehén, yaani mateka, limetoka kwenye Kiarabu kile kile kilichotupa rehani! Utawala wa Waislamu ulidumu Hispania tangu 711 hadi 1492, na maneno yakabaki. Hasta ni hata yetu; hasta mañana, hata kesho. Azúcar ni sukari. Alcalde, meya wao, ni ndugu wa kadhi. Halafu Mreno, jirani yao, alituachia meza, bendera na mvinyo. Kihispania wanasema mesa, bandera, vino. Na irabu ni zile zile tano, a e i o u. Miaka yote niliyosoma Kiingereza hakuna aliyeniambia haya. Dalali gani anakuonyesha njia ya kumkwepa?

Kwa wanaouliza Dar na Kihispania wapi na wapi: mwaka 1965 Che Guevara alipita hapa hapa mjini, akavuka kwa Kigoma kwenda Kongo. Yeye na Wakuba wenzake wakajipa majina ya namba za Kiswahili. Yeye alikuwa Tatu. Sidhani walikwenda London kuyatafuta.

Wenye vituo vya televisheni watasema mbona tunaweka sauti za Kiswahili? Kweli. TBC mwaka 2011 ilituletea Dou Dou na Mama Wakwe Zake ya Wachina ikiongea Kiswahili, tukafurahi. Na kabla ya hapo akina Lufufu walitutafsiria sinema, heshima yao iko pale pale. Lakini sauti ya juu inaziba sauti ya chini. Siku ile binamu yangu asingesikia rehén, angesikia Kiswahili tu, angekula wali wake akaenda kulala akiamini bado hana kichwa. Acheni sauti ya mwigizaji, wekeni maandishi ya Kiswahili. Msiniambie gharama. Mtafsiri mmoja na kompyuta ni nafuu kuliko kuwalipa watu ishirini waingie studio.

Kuna vijana wangapi hapa Ilala wenye F ile ile?

Juzi binamu alikuja na kipande cha boksi la viatu, akakibandika chini ya skrini kuziba maandishi yote. Sasa tunatazama hivyo, yeye na mimi. Mimi ndiye ninayeuliza.