Nusu dozi si huruma

Wandugu wa kikundi, na ninyi wenye vizibao vya mashirika munaotusoma kimya kimya, leo sitaandika kwa upole.

Juzi nimeshuka Bujumbura, nikalala kwa shangazi Buyenzi. Jioni nimesimama mbele ya kaduka kamoja. Mama ana mtoto mgongoni, mtoto anakohoa. Mama anasema: "Nipe amoksi za elfu moja." Hakusema za siku tano wala za siku saba. Za elfu moja! Muuzaji akachukua mkasi, akakata karatasi ya vidonge, akampa sita. Hakuuliza mtoto ana kilo ngapi. Mama akajibu, "Mungu akubariki."

Nimekasirika, lakini sikuwa na mdomo wa kumkaripia mtu. Mimi pia nimefanya hivyo.

Tulipokuwa wapya kambini, mdogo wangu alipata kidonda mguuni. Nilikuwa na vidonge vilivyobaki kwenye kopo, jirani akaniongezea vyake. Nikampa siku mbili, uvimbe ukapungua, nikaacha. Uvimbe ukarudi. Nikampa tena siku mbili. Hivyo hivyo, karibu mwezi mzima. Tulipofika hospitali, dawa ya kwanza haikufanya kitu, na ya pili pia. Walipopima usaha ndipo wakapata sindano iliyofaa. Alilala pale wiki tatu. Mama aliuza vitenge vyake vyote. Mguu ulipona, lakini mpaka leo mdogo wangu hakimbii mpira. Na mimi ndiye niliyekuwa "daktari" wake.

Sasa sikilizeni. Antibiotiki inaua bakteria. Mafua mengi yanaletwa na virusi, hiyo dawa haivigusi. Malaria si bakteria, usitibu homa kwa amoksi, nenda upimwe damu. Na ukiinywa kidogo kidogo, bakteria dhaifu wanakufa, wenye nguvu wanabaki, wanazaana, wanahamia kwa mwenzako mnayelala naye hema moja. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini 1928, alionya kuhusu dozi ndogo siku za Tuzo yake ya Nobel, 1945. Ni miaka mingapi hiyo? Bado tunakata karatasi kwa mkasi.

Kuna mtu atasema haya ni mambo ya Wazungu wa maabara. Basi tukumbuke Goma. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia pale kwa siku chache. Kipindupindu kikalipuka. Katika mwezi ule wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi kwa kuhara. Kimelea kile cha kipindupindu kilikuwa hakisikii tena tetrasaiklini wala doksisaiklini. Ikafuata ya kuhara damu, nayo sugu kwa dawa nyingi za kawaida. Tuseme ukweli wote: kilichoua zaidi ni maji machafu na kukosa maji ya kurudishia mwilini. Lakini siku nyumba inaungua, ndoo nayo imekutwa imetoboka. Waliokuwa ndani ya nyumba ile ni wakimbizi kama sisi.

Na leo? Wataalamu wanakadiria kwamba mwaka 2019 peke yake bakteria sugu waliua watu milioni 1.27 duniani, na mzigo mzito zaidi uko Afrika kusini mwa Sahara. Ni huku kwetu.

Sasa nageukia kwenu wenye vizibao. Munabandika mabango: "Usitumie dawa ovyo." Kwa Kifaransa! Mama wa Fizi atayasoma vipi? Munatuita wajinga, lakini mtu anapanga mstari tangu alfajiri, saa nane anaambiwa dawa imeisha, aende akanunue. Kwa pesa gani? Huyo hajakosa elimu, amekosa faranga. Nusu dozi inaanzia kwenye sanduku lenu tupu. Dawa ikiwa haitoshi, semeni mapema, mumtume mgonjwa mahali atakapoipata yote. Mukimpa, mwambieni kwa Kiswahili au Kirundi: mara ngapi kwa siku, siku ngapi. Dakika mbili tu. Na mganga asiandike antibiotiki kwa kila kikohozi ili mstari utembee haraka.

Lakini vijana wenzangu, tusijifiche nyuma ya umaskini. Lile kopo la vidonge vilivyobaki, nani anakulazimisha kulifungua? Rafiki akikuambia "nigawie mbili," unaona kumnyima ni roho mbaya. Hapana. Kumpa ndiyo hatari, hata kama mkono wako una huruma. Msindikize akapimwe. Kama pesa haifiki, tuchange ili anunue dozi kamili. Tunachangia harusi, tunachangia jezi, hatushindwi na vidonge vya mtu mmoja. Na tunawe mikono, tuchemshe maji, watoto wapate chanjo zao. Ugonjwa usiokuja hauhitaji kidonge.

Jumamosi hii naanza na nyumba yetu. Kopo la shangazi nitalipeleka kwenye kituo cha afya, wao wanajua pa kutupia. Atakayekuja naye alete la kwao. Mdogo wangu atakuwepo. Muulizeni kuhusu mguu.