MAONI: Mastaa na Muscle Car Zao, Kabureta Kubwa Sio Sifa

Wadau, kuna mtindo kwa mastaa wa Marekani na sisi huku tunagonga like tu. Rapa au mcheza sinema ananunua Camaro ya 1969 au Chevelle ya 1970, anafungua boneti, anapiga picha ya kabureta inang'aa kama sufuria la harusi, halafu anaandika "original". Hatumtaji mtu, anayejijua anajijua. Ila mimi nina neno.

Kabureta unaijua, hata bodaboda nyingi zinayo. Inachanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye silinda. Kwenye V8 za Marekani za miaka ile inakaa juu kabisa katikati ya injini, na kwenye gari kali huwa na matundu manne: mawili ya mwendo wa kila siku, mawili yanafunguka ukikanyaga moto. Ni rahisi kuibadilisha, kwa hiyo baada ya miaka zaidi ya 50 na wamiliki kibao, nyingi zilishabadilishwa. Na hapo ndo "original" inapokuwa neno la hela. Gari yenye vifaa vyake vya kiwandani inauzwa bei nyingine kabisa. Ukidanganya kwenye caption leo, kesho kuna mtu atainunua kwa uongo huo huo.

Sasa utajuaje? Kwa namba. Holley ina neno LIST na namba imegongwa juu, kwenye ukuta wa mdomo wa kuingizia hewa. Camaro Z/28 ya 1969, kwa mfano, ilitoka na Holley ya LIST 4053. Rochester Quadrajet, iliyokuja mwaka 1965 na kufungwa kwenye magari mengi ya General Motors, ina namba imegongwa wima ubavuni, upande wa dereva. Carter AFB za zamani zilikuwa na kibati kidogo kimebanwa na skrubu ya juu, na vibati hivyo vingi vilishapotea. Edelbrock inafanana sana na Carter hiyo kwa sababu umbo lake limetoka huko, ila namba yake iko chini mbele, kama 1406. Sasa staa wangu, ukiposti Edelbrock 1406 juu ya injini ya 1969 na kuandika original, mafundi wa Detroit wanacheka. Kabureta yenyewe ni nzuri, ila haikuzaliwa na hiyo gari.

Tuje kwenye ugonjwa wa pili: ukubwa. Kabureta hupimwa kwa futi za ujazo za hewa zinazopita kwa dakika, wenyewe wanaita CFM. Mastaa wanataja 850 kama wanataja followers. Jamani, hesabu ipo na haihitaji chuo. Chukua ujazo wa injini kwa inchi, zidisha kwa mizunguko ya juu kabisa kwa dakika, gawanya kwa 3,456. Injini ya 350 ikifika mizunguko 6,000 inapata kama 608. Na hiyo ni kama silinda zinajaa hewa asilimia 100. Injini ya kawaida ya barabarani weka 85, inashuka mpaka kama 516. Maana yake kabureta ya 600 inamtosha na chenji inabaki. Injini ya 454 kwa hesabu hiyo hiyo inataka kama 670, hapo 750 inaeleweka.

"Si bora izidi kuliko ipungue?" Hapana. Hewa ikipita kwenye tundu kubwa kupita kiasi inakosa kasi, na kasi hiyo ndo inavuta petroli na kuipasua iwe kama ukungu. Matokeo yake gari inakohoa ukitoka kwenye taa, plagi zinajaa masizi, mafuta yanaisha kama bando la usiku. Kwenye video inanguruma, kwenye foleni inazima.

Halafu angalia gia. Gari nzito yenye gia za otomatiki inapenda kabureta ambayo matundu ya pili yanafunguliwa na mvuto wa hewa, polepole, kadiri injini inavyohitaji. Zile zinazofunguka moja kwa moja kwa akseleta zinafaa gari nyepesi ya gia za mkono na dereva anayejua anachofanya. Tazama pia kitako. Quadrajet ina matundu madogo mbele na makubwa nyuma, kwa hiyo haikai hivi hivi kwenye manifoldi iliyochongwa kwa matundu manne yanayolingana. Kulazimisha ni kukaribisha hewa ya wizi. Na petroli ikivuja juu ya injini ya moto, hiyo sio content tena, hiyo ni zimamoto.

Mtaniambia ni hela zake, aachwe ale maisha. Sawa, ale. Lakini kuna kijana anamfuata, labda ni mtu wetu wa diaspora yuko Houston, anajichanga miaka apate gari ya zamani. Anaona 850, ananunua 850, anateseka, anadhani injini imekufa. Staa ana fundi wa kumrekebishia usiku kamera zikizimwa. Yule kijana ana nani?

Msimamo wangu ni huu: kama una gari hizo na watu wanakusikiliza, posti ile namba iliyogongwa kwenye chuma, sema ni injini gani, sema kama kabureta imebadilishwa. Hakuna aibu kuwa na kabureta mpya. Aibu ni kuiita ya zamani.

Au mnaonaje wadau, naonea watu? Dondosha maoni yako hapo chini, ila matusi hapana.