Tuonyesheni umeme, siyo majigambo!

Vijana, tajiri wa bitcoin akitamba kuwa ana mashine milioni moja za kuchimba sarafu, msikubali kuingizwa mjini. Ulizeni umeme! Kule Rockdale, Texas, kampuni ya Riot ina kituo cha megawati 700. Antminer S19 Pro moja inakula wati 3,250. Gawanya mwenyewe: hazifiki mashine 216,000, na hapo umeme wa kupoza hujautoa. Hiyo milioni itawashwa na nini, vibatari?

Tena haziungurumi kila saa. Agosti 2023, joto lilipopamba moto, Riot ilipunguza matumizi, ikavuna nafuu na malipo ya dola milioni 31.7. Mwezi huohuo wasimamizi wa gridi waliwaomba walalahoi wa Texas wabane umeme kwa hiari. Yaani bure!