Homa ya Oregon Haikuwa Wazimu

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilipangiwa Historia, Kidato cha Tano. Tulipofika Marekani ya karne ya 19, nikaandika ubaoni sababu za watu kuhamia magharibi kama nilivyozimeza mwenyewe shuleni: tamaa ya ardhi, tamaa ya dhahabu. Nikaongeza na utani, kwamba Wamarekani wenyewe waliiita "homa ya Oregon", kwa hiyo jueni watu walikuwa wanaumwa. Darasa likacheka. Binti mmoja wa nyuma hakucheka. Akauliza, "Kwani mwalimu, nani alikuwa anawaambia kwamba huko ni kuzuri?"

Sikuwa na jibu. Nikasema tutaendelea kipindi kijacho, ile lugha yetu walimu tukibanwa. Baadaye mwalimu wa darasa akanidokeza kuwa kaka yake binti huyo yuko Uarabuni, kwenye kazi ambayo siyo aliyoelezwa na wakala. Nikajisikia vibaya, nikaenda kusoma. Sasa naona tunawaonea wale wahamiaji.

Mchukue mkulima wa Missouri mwaka 1843. Tangu mtikisiko wa mabenki wa 1837 bei ya mazao iko chini, madeni yamemkaba, malaria haimwachi. Anasikia Seneta Lewis Linn amepeleka muswada wa kumpa kila mwanamume mzungu ekari 640 huko Oregon, bure. Seneti ikaupitisha, ukafia Baraza la Wawakilishi. Lakini habari ya ekari ilikimbia kuliko habari ya kukwama. Mwaka huo watu karibu 1,000 wakafunga maksai kwenye magari yao, wakaanza safari ya kilomita kama 3,200, wengi wakitembea kwa miguu maana gari lenyewe lilijaa unga na vyombo. Huo ni wazimu? Mimi naona hesabu kabisa, ila tarakimu zake walipewa na watu wengine.

Hapo ndipo swali la yule binti linapouma. Mwaka 1845 Lansford Hastings alichapisha kitabu cha kuwaongoza wahamiaji, na ndani yake akataja njia ya mkato kusini mwa Ziwa Kuu la Chumvi. Wakati anaandika hakuwa ameipita. Alichotaka ni watu wengi waende California.

Kiangazi cha 1846, msafara wa akina Donner na Reed ulipofika Fort Laramie, ukakutana na James Clyman. Huyu alikuwa ametoka kuipita njia hiyohiyo, tena na Hastings mwenyewe, bila magari. Akamwambia James Reed washike barabara ya kawaida. Reed hakusikia. Walilazimika kukata miti kufungua njia kwenye milima ya Wasatch, jangwa la chumvi likawamalizia mifugo, theluji ikawafungia Sierra Nevada. Kati ya watu 87, karibu nusu walikufa, na baadhi ya waliopona walikula maiti.

Watu wakisimulia kisa hiki hukimbilia kwenye maiti. Mimi nang'ang'ania Fort Laramie. Mtu aliyeikanyaga njia kwa miguu yake alishindwa na kitabu cha mtu aliyeiwaza! Na sisi wa chuo, jamani, tusimcheke Reed haraka. Kikishapigwa chapa tunakinakili.

Na hiyo "ardhi ya bure" haikuwa bure. Bonde la Willamette lilikuwa la Wakalapuya, ambao wengi wao walishafagiliwa na maradhi miaka ya 1830. Sheria ya 1850 iliwagawia walowezi ekari 320 kwa mwanamume mseja, 640 kwa mume na mke, wakati mkataba na Wakalapuya ulikuja kusainiwa 1855. Rafiki yangu wa bwenini ananiambia kwamba nikimtetea mkulima wa Missouri namtetea mvamizi. Hajakosea sana. Kudanganywa hakukumsafisha: alifika amechoka, amezika watoto njiani pengine, na akalima shamba la mwenzake.

Nikirudi darasani, andalio langu la somo litaanzia Fort Laramie. Clyman amesimama, Reed na mpango wake wa mkato mkononi. Wanafunzi wabishane wamwamini nani, na kwa nini, kabla sijawaambia kilichotokea.