Hasira ya Aggedor

Tuliangalia na batoto The Monster of Peladon (1974), vipande sita vya Doctor Who, seri ya BBC ya Uingereza. Ni ndefu bure! Katikati watu wanakimbia tu mu mashimo, wanakamatwa, wanatoroka; vinne vingetosha. Lakini habari yenyewe ni ya kwetu. Kwenye sayari Peladon madini inatoka, wachimbaji wanabaki maskini. Halafu mungu wao Aggedor anatokea mu shimo, anaua, wanakataa kazi. Kuhani mkuu Ortron anasema: ni hasira yake. Kumbe ni mashine ya Eckersley, injinia wa mine, anayetumikia adui.

Hapo nilisikia haya. Na mimi, wakati mishahara ya mine ilikawia, nilisemaka kanisani: ni hasira ya Mungu.

Kijana wangu akauliza: «Baba, ule kuhani alijua ni mashine?»

Hapana, hakujua.